Je, Wajua? Bangi na Mwezi wa Mwanamke

Je, wajua kwamba Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyeiteka Kilwa na Lindi Mei 1890, aliwahi kukaa na watu waliojiita Bena Riamba, yaani Wana wa Bangi? Ilikuwa Kasai, Kongo, miaka ya 1880, kwa Chifu Kalamba. Huko bangi ilivutwa hadharani kwa buyu kubwa, na kinara wa ibada hiyo alikuwa mwanamke: Sangula Meta, dada wa chifu.   Habari ya Sangula ingefaa ifike vijiweni, ambako bangi huhesabiwa kuwa mambo ya wanaume.

Mwaka huohuo wa 1890, mjini London, J. Russell Reynolds, daktari wa nyumba ya kifalme, aliandika katika jarida la The Lancet akiisifu dawa ya bangi kwa maumivu ya hedhi. Watu wakatia chumvi: eti Malkia Victoria mwenyewe aliitumia. Ushahidi hakuna.

Je, wajua kwamba hata mmea wenyewe una jike na dume, na kinacholevya hasa ni maua ya jike? Pamoja na hayo, maabara kwa miaka mingi zilipendelea panya dume. Sababu iliyotolewa ni kwamba homoni za jike hupanda na kushuka, zikavuruga vipimo. Kwangu mimi huko ni kulikimbia swali lenyewe.

Rebecca Craft wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, hakulikimbia. Mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kwamba panya jike huguswa na THC, kemikali ilevyayo ya bangi, kwa kiasi cha asilimia 30 zaidi ya dume inapopimwa kwa kutuliza maumivu. Kilele chake ni yai linapopevuka, pale estrojeni ikiwa imefika juu na kuanza kuteremka. Yaani kipimo kilekile, mwili uleule, siku tofauti, matokeo tofauti. Majike pia waliizoea dawa haraka kuliko madume, ingawa walipewa kidogo. Panya si mtu, sawa. Lakini hata kwa binadamu imeonekana kwamba wanawake wavutao ni wachache kuliko wanaume, na wanaoingia kwenye uteja huufikia upesi zaidi.

Kungwi wa unyago humfunza mwali kuhusu hedhi, usafi wake na miiko yake. Hili la bangi halimo katika mafunzo yake, na si ajabu, kwa kuwa sayansi yenyewe imechelewa kulijua.

Je, wajua kwamba mwili wa mwanamke hujitengenezea kitu kinachofanya kazi kama bangi? Kinaitwa anandamidi, kiligunduliwa mwaka 1992, na hushika vipokezi vilevile ambavyo THC huvishika. Kimo kwenye ubongo, na kimo pia kwenye mji wa mimba. Huko kiasi chake hupimwa kama chumvi ya mchuzi: kwa panya, lazima kipungue ili kiinitete kijipandikize. Mwaka 2000 watafiti wa Italia waliona kuwa wanawake ambao mimba zao ziliharibika mapema walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kinachokivunjavunja. Kinachoamsha kimeng'enya hicho ni projesteroni, homoni ileile inayolinda mimba. Mwenye kuvuta humwaga THC juu ya hesabu hiyo iliyo nyeti kiasi hicho.

Hata mama akishajifungua, habari haijaisha: THC hupenda mafuta, na maziwa ya mama yana mafuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliikuta ndani ya maziwa hadi siku 6 baada ya mama kuvuta mara ya mwisho.