Msumeno wa Mnyororo wa Zamani: Utunze Ukutunze

Katika nyumba nyingi kuna chombo cha zamani kilichowekwa pembeni. Huenda ni cherehani ya mama au baiskeli ya babu. Katika vijiji vilivyo karibu na misitu, huenda chombo hicho ni msumeno wa mnyororo. Mwenyewe amezeeka au amefariki. Msumeno umebaki chini ya kitanda, umejaa vumbi na mafuta yaliyoganda.

Watoto wanauliza, "Tuuze chuma chakavu?" Kijana mmoja anasema, "Hapana, nitauwasha kesho nikapasue kuni." Wote wawili wasifanye haraka. Wa kwanza anaweza kutupa mali. Wa pili anaweza kupoteza jicho, mkono au maisha.

Katika somo hili utajifunza msumeno huu ulitoka wapi, namna ya kuuchunguza, kuutunza na kuuhifadhi.

Msumeno huu ulitoka wapi?

Zamani miti mikubwa ilikatwa kwa shoka na msumeno wa watu wawili. Mmoja alivuta huku na mwingine alivuta kule. Kazi ilikuwa nzito na ya siku nyingi.

Mwaka 1926, huko Ujerumani, fundi Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa umeme. Mwaka 1927 Mjerumani mwingine, Emil Lerp, alijaribu msumeno wa petroli katika mlima uitwao Dolmar. Misumeno hiyo ya kwanza ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40. Ilibidi ibebwe na watu wawili.

Shida ya pili ilikuwa meno. Meno ya kwanza yalifanana na ya msumeno wa mkono, na yalipoteza makali upesi. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Cox, alimwona funza akila gogo. Funza yule alitafuna kushoto, kisha kulia. Cox alitengeneza mnyororo wenye meno yanayokata vivyo hivyo, moja kushoto na moja kulia. Mwaka 1947 alianza kuuza minyororo hiyo. Ukitazama mnyororo wa leo utaona bado meno yake yamepangwa hivyo. Funza alimfundisha fundi!

Baadaye mashine zilipungua uzito. Mwaka 1950 Stihl alitoa msumeno wa petroli wa mtu mmoja wenye kilo 16. Mwaka 1959 ulitoka mwingine wenye kilo 12.

Leo, katika nchi kama Ujerumani, Kanada na Marekani, wako watu wanaokusanya misumeno hiyo ya zamani. Huisafisha, huitengeneza na kuipanga kwenye rafu kwa miaka yake. Wanafanya hivyo kwa sababu mashine hizo zinaonyesha kazi ya wazee wao.

Kabla ya kuwasha, chunguza

Umepata msumeno wa zamani. Usivute kamba ya kuwashia. Fanya kwanza mambo haya:

1. Mwaga petroli yote ya zamani. Petroli iliyokaa muda mrefu huharibika na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Fanya kazi hii nje, mbali na moto na sigara.

2. Tazama mipira ya kupitishia mafuta. Mpira uliokauka hupasuka. Petroli ikivuja juu ya injini ya moto, utaungua.

3. Fungua ekzosi, utazame pistoni kwa ndani. Ikiwa ni laini, kuna matumaini. Ikiwa ina mikwaruzo mirefu, injini imekwisha umia.

4. Fungua plagi, uisafishe. Tia matone machache ya oili safi ndani ya silinda. Kisha vuta kamba polepole. Ikiwa injini imeshika kabisa, usilazimishe. Mpelekee fundi.

5. Tazama mbele ya mkono wa juu. Je, kuna kinga ya mkono? Je, kinga hiyo ni breki ya mnyororo? Jambo hili ni kubwa. Tutalirudia.

Mafuta ya msumeno

Injini ya msumeno huu haina mahali pa kuweka oili yake peke yake. Oili ya injini huchanganywa na petroli. Ukitia petroli tupu, pistoni itakauka na kushika ndani ya dakika chache. Misumeno mingi imekufa kwa kosa hilo moja.

Misumeno mingi ya zamani ilitengenezwa kutumia oili lita 1 kwa petroli lita 25. Mingine ilihitaji oili nyingi zaidi, lita 1 kwa lita 16. Mingi ya siku hizi hutumia lita 1 kwa lita 50. Ukiwa na kitabu cha mashine, kifuate. Usipokuwa nacho, muulize fundi anayeifahamu mashine hiyo.

Sasa tufanye hesabu. Kwa kipimo cha lita 1 kwa lita 25, petroli lita 1 inahitaji oili mililita 40. Petroli lita 5 inahitaji oili mililita 200. Usikisie kwa jicho. Tumia chupa yenye alama za kipimo.

Andika juu ya dumu kwa herufi kubwa: PETROLI NA OILI. HATARI. Usiweke mafuta haya katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu. Atakunywa.

Kunoa mnyororo

Mnyororo butu hutoa vumbi jembamba kama unga. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vya mbao. Tazama kinachotoka, utajua.

Noa kwa tupa ya mviringo inayolingana na meno. Ziko tupa za milimita 4, 4.8 na 5.5. Zima injini na uvae glavu. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje. Usiivute kurudi huku ikigusa jino. Ukipiga tupa mara tatu jino la kwanza, piga mara tatu na mengine yote. Noa upande mmoja wote, kisha geukia wa pili. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, msumeno utakata kwa kupinda.

Mnyororo usilegee hata ukaning'inia chini ya bapa lake. Usikazwe hata ukashindwa kuuvuta kwa mkono.

Namna ya kuhifadhi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Msumeno hauharibiwi na kazi tu. Huharibiwa pia na kukaa bure.

Ikiwa hutautumia kwa mwezi mmoja au zaidi, fanya hivi:

1. Mwaga mafuta yote katika tangi.

2. Washa injini mahali wazi. Iache izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Hivyo kabureta itabaki tupu.

3. Ikisha poa, vua mnyororo na bapa. Safisha mfereji wa bapa na tundu la oili kwa kijiti. Paka oili safi. Mnyororo uweke katika kopo lenye oili kidogo.

4. Safisha mapezi ya silinda kwa brashi kavu. Yakiziba kwa vumbi la mbao, injini haipoi. Safisha pia chujio la hewa.

5. Fungua plagi. Tia oili safi ya kuchanganya na petroli, kijiko kimoja cha chai, ndani ya silinda. Vuta kamba polepole mara mbili au tatu ili oili ienee. Rudisha plagi.

6. Funika msumeno kwa kitambaa kikavu. Usiufunge ndani ya mfuko wa plastiki, maana unyevu utanaswa ndani na kuleta kutu.

7. Weka juu ya ubao au rafu. Usiweke juu ya udongo, wala karibu na jiko, wala penye chumvi au mbolea. Usiweke pamoja na mahindi. Weka mbali na watoto.

Jambo jingine la kukumbuka: miili ya misumeno mingi ya zamani imetengenezwa kwa madini mepesi yaitwayo magnesi. Unyevu na chumvi huyala na kuacha unga mweupe. Tena, magnesi ikishika moto huwaka kwa ukali sana, na maji huuchochea moto huo. Tumia mchanga mkavu kuuzima.

Mwisho, andika. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika jina la mashine na namba iliyo mwilini mwake. Andika kipimo cha mafuta, tarehe ya kuhifadhi na mambo uliyofanya. Kisha funga kikaratasi kwenye mkono wa msumeno: TANGI TUPU. OILI IMETIWA NDANI. Atakayeuchukua baada yako hatakisia. Kama mwenye msumeno bado yu hai, muulize aliununua wapi na alikata nini. Andika pia majibu yake. Kutu huondolewa kwa brashi, lakini habari za mzee aliyefariki hazirudi.

Ufanye kazi au ukae kumbukumbu?

Msumeno wa mnyororo hupiga teke kama punda. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa mti, meno hukwama. Nguvu yote ya injini hurusha bapa juu na nyuma, kuelekea uso wa mkataji. Jambo hili hutokea kabla hujaweza kukwepa.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1970 watengenezaji walianza kuweka breki ya mnyororo. Teke likitokea, kinga ya mkono husukumwa na mnyororo husimama mara moja. Misumeno ya kabla ya hapo mingi haina breki hiyo. Tena hutikisika sana. Mtikisiko wa miaka mingi huharibu mishipa ya vidole, vikawa vyeupe na kufa ganzi.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii inayo. Kama msumeno wako hauna breki ya mnyororo, usiupeleke tena msituni. Usafishe, uhifadhi, uwe kumbukumbu ya ukoo. Si aibu kwa mzee kupumzika.

Kama breki ipo, ijaribu kila siku kabla ya kazi. Vaa kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, buti na suruali ya kazi hiyo. Usikate juu ya usawa wa mabega. Usiende msituni peke yako. Tena pata kibali kwanza. Huku Tanzania ukataji wa miti unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Uliza katika ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu.

Ndugu msomaji, nenda leo ukatazame pembeni mwa nyumba. Kama msumeno wa baba upo, utoe nje, uufute vumbi. Halafu keti na ndugu zako, mkiwa na daftari, mkubaliane: ni wa kazi au ni wa kumbukumbu? Kwa vyovyote, utunze ukutunze.

Maswali

1. Joseph Cox alijifunza nini kwa funza?

2. Kwa nini petroli tupu huua injini ya msumeno?

3. Kipimo ni oili lita 1 kwa petroli lita 25. Una petroli lita 10. Utatia oili mililita ngapi?

4. Kwa nini msumeno usifungwe ndani ya mfuko wa plastiki?

5. Jadilianeni: katika kijiji chenu kuna vyombo gani vya zamani vinavyofaa kuhifadhiwa? Nani anajua habari zake, na nani ataziandika?