Uzi Usiokubali Fundo la Pili

Asubuhi pale Gitaza, komine ya Muhuta nchini Burundi, mitumbwi imesharudi na samaki, mukeke na ndagala. Mvuvi ameketi mchangani akitia wavu wake kiraka: fundo, jicho, fundo, jicho. Jicho moja likilegea, ndagala watapita hapo.

Kirusi cha homa ya ini C nacho ni mshonaji. Ndani ya seli ya ini hushona RNA yake herufi kwa herufi, na dawa kadhaa hukipatia uzi mbovu. Tatizo ni kwamba seli zetu nazo hushona, tena kwa uzi unaofanana sana na huo.

Tuanze na ribavirini, iliyotolewa kwa miaka mingi pamoja na sindano za interferoni. Maabara zimeonyesha kuwa inaweza kukiharibia kirusi mafundo. Lakini huzama katika seli nyekundu za damu, ambazo hazina vimeng'enya vya kuiachia itoke. Hurundikana mpaka seli zinapasuka, na mtu aliyekuja kutibiwa ini anajikuta amepungukiwa damu. Kwa mimba ni hatari: mke kwa mume huambiwa wasubiri miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Kisa cha fialuridini ndicho kinachonisumbua zaidi. Ilikuwa dawa ya homa ya ini B, ikajaribiwa Marekani mwaka 1993 kwa watu 15. Saba ini lilifeli. Watano walifariki, wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini. Dawa ilikuwa imeshonwa ndani ya DNA ya mitokondria, jiko la seli. Panya hawakutoa onyo, kwa sababu mlango unaoiingiza kwenye mitokondria za binadamu, kwao haupo.

Turudi kwenye homa ya ini C: sofosbuvir, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ni uzi mfupi: ukishafungwa, fundo la pili halishiki. Mashine za kushona za mitokondria zetu karibu haziugusi. Kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku, wiki 12, pamoja na dawa mwenza, na wengi hawapati zaidi ya uchovu na kichwa kuuma.

Upande wetu huu kirusi kilichotawala ni aina ya 4. Jirani zetu wa Kigali waliwapa wagonjwa 300 sofosbuvir na ledipasvir. Asilimia 87 walipona. Wenye kijiaina 4r walikuwa 48, wakapona 27 tu. Hapo si sumu iliyokwamisha tiba: kirusi kilikuwa tayari kimezoea kumkwepa mwenza wa sofosbuvir.