Je, Wajua? Glasi Moja Iliyobaki Kwenye Galoni

Toyota IST yenye injini ya lita moja na nusu, gari ambalo huwezi kusimama Mwenge, Dar es Salaam, dakika tano bila kuliona, hunywa lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta. Galoni ya dukani ni lita 4. Kwa hiyo anayemwaga oili mwenyewe uani kwake, gari likiwa juu ya stendi, hubakiwa na glasi moja hivi ya kitu cha rangi ya asali alichokinunua kwa bei ya kuuma. Glasi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma maandishi ya nyuma ya galoni.

Neno linalopandisha bei ni sintetiki. Wengi hudhani maana yake ni oili isiyotokana na mafuta ya ardhini. Sivyo. Oili ya kawaida hupatikana kwa kuchambua mafuta ghafi, kama mpishi anayepeta mchele: unaondoa pumba, unaokota mawe, lakini punje zinazobaki ni ndefu kwa fupi, nzima kwa zilizovunjika. Sintetiki ni tambi. Unga umesagwa, ukakandwa, ukapitishwa kwenye mashine, na kila uzi umetoka na unene uleule. Molekuli zinazofanana hazina nta ya kuganda kwenye baridi, na hazina vipande vyepesi vya kuruka kuwa mvuke injini inapochemka.

Ila tambi nazo zina daraja. Wataalamu wa Marekani wamegawa oili za msingi katika makundi matano. Kundi la nne ndilo hujengwa kipande kwa kipande kutokana na gesi ya ethilini. Kundi la tatu ni mafuta ghafi yaliyovunjwavunjwa na kusukwa upya kwa haidrojeni. Castrol walipoanza kuuza la tatu kwa jina la sintetiki, Mobil walilalamika kwenye baraza la kusimamia matangazo huko Marekani, na mwaka 1999 Mobil wakashindwa. Tangu hapo neno hilo kwenye galoni linakwambia kidogo kuliko bei yake. Wapo hata wanaoanzia kwenye gesi asilia: kiwanda cha Pearl, Ras Laffan nchini Qatar, kinaigeuza gesi kuwa oili ya msingi iliyo angavu kama maji. Sioni sababu ya kumcheka anayenunua kundi la tatu. Ni oili nzuri sana. Ninachokataa ni kulipia jina.

Tazama namba badala ya jina. Chukua 5W-30. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake hupimwa kwenye baridi ambayo huku kwetu hatuijui. Oili ya 5W hujaribiwa kwa mashine inayoiga kuwashwa kwa injini kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata 20W, ile inayoitwa ya nchi za joto, hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Makete asubuhi ya Julai umande huganda kwenye majani, na bado hujakaribia hapo. Kwa mkazi wa Tanga au Mombasa, kubishana kama achukue 5W-30 au 10W-30 ni kubishania koti la manyoya.

Namba ya pili ndiyo yenye kazi, maana inaeleza uzito wa oili kwenye nyuzi 100, joto ambalo injini yako hulifikia kila siku, uwe Dar es Salaam au Oslo. Hapa ndipo ninapotofautiana na fundi wangu. Yeye huamini joto la pwani linadai oili nzito, 20W-50, na gari likizeeka ndiyo hasa. Anasahau kwamba joto la nje limeshashughulikiwa na rejeta na themostati. Injini ndogo za VVT-i hutumia shinikizo la oili kusogeza kemshafti, na oili hiyo hupita kwenye vali na kichujio chenye matundu madogo. Gari linapowashwa asubuhi, oili ya 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, na ndiyo dakika vyuma vinapoihitaji haraka. Fuata kitabu cha gari. Kama ni cha Kijapani, namba zenyewe hazina Kijapani.

Kisha tafuta herufi za API, wale wataalamu wa Marekani. S mwanzoni ni ya injini za petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inavyosogea mbele ndivyo kipimo kilivyo kipya. SP ilianza mwaka 2020. Katika vipimo hivi ndipo faida ya sintetiki kwenye foleni, injini inapochemka, huonekana. Viwango vya sasa haviruhusu oili kupoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake ikichemshwa kwa nyuzi 250 kwa saa moja, na sintetiki bora hupoteza pungufu ya hapo. Lakini injini inayovuja kwenye sili na kutoa moshi wa bluu usiipe tambi. Itakula tu hela yako. Ziba kwanza.

Sasa ile glasi. Oili haichachi kama maziwa. Galoni iliyofungwa kiwandani, ikikaa kivulini, kampuni nyingi huipa miaka minne au mitano. Kinachoharibika ni dawa zilizochanganywa ndani yake, za kusafisha, za kuzuia povu, za kulinda vyuma, na adui wao ni maji. Galoni iliyokwisha kufunguliwa hupumua. Mchana bati likiwaka, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka. Usiku hupoa na kuvuta hewa nyingine, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Galoni iliyobaki glasi moja ina hewa tele ya kupumua. Ndiyo maana wenye mapipa huyalaza ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya Kizungu, ili maji ya mvua yasituame juu ya vizibo na oili iviloweshe kwa ndani.

Mimi nakaza kifuniko, naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, naiweka chini ya kabati mahali pasipopigwa na jua. Buti la gari halifai, ni jiko. Na usithubutu kuihamishia kwenye chupa ya mafuta ya kula. Oili mpya ya sintetiki ina rangi ya alizeti, na jioni umeme ukikatika hakuna atakayezitofautisha. Kabla ya kuitumia, mimina kidogo kwenye glasi nyeupe. Ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, imeingiwa na maji, iende pamoja na oili chafu. Ikiwa angavu, ongezea pale stiki inapoonyesha imepungua. Hata kama si ya kampuni ileile, oili za kiwango kimoja zinachanganyika.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lililo wazi barabarani, siijadili.

Kuna kijana hupita mtaani kwetu Jumamosi akinunua vyuma chakavu na plastiki. Galoni tupu yenye kifuniko na stika yake safi huilipia zaidi kuliko iliyochakaa, na sijawahi kumuuliza anaipeleka wapi. Siku hizi kabla hajafika naichoma msumari wa moto chini, matundu mawili, isije ikajazwa oili bandia. Wiki iliyopita aliinua, akachungulia jua kupitia matundu, akanirudishia.

"Mzee, hii si ungeniachia tu?"