Kabla ya Kushuka Duarani: Kuthubutu kwa Hesabu na Kuamua kwa Busara



Ndugu msomaji, frateri anayefanya mwaka wake wa kichungaji katika parokia za machimboni hakai muda mrefu kabla ya kuombwa jambo hili. Misa imekwisha, mchimbaji anamsogelea na kumwambia: "Frateri, Jumatatu tunaanza duara jipya. Mwombe Padre aje atubarikie." Ombi hilo ni jema. Anayemkabidhi Mungu kazi yake anafanya vizuri. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia baraka: je, ndugu huyu amefanya uamuzi, au anabahatisha na anataka Mungu amsaidie bahati yake?

Makala hii inaeleza tofauti kati ya mambo hayo mawili. Mifano mingi ni ya dhahabu, kwa kuwa ndiyo tunayoamka nayo na kulala nayo hapa Geita. Lakini yanayosemwa yanamhusu pia anayefungua duka, anayekopa SACCOS ili anunue bodaboda, anayejiandaa kufunga ndoa, na anayegonga mlango wa seminari.

Hatari haikwepeki

Tuanze kwa kukubali ukweli mmoja: hakuna maisha yasiyo na hatari. Mkulima wa pamba anapanda bila kujua kama mvua itatosha. Mfugaji ananunua ng'ombe bila kujua kama ugonjwa utapita. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 11, kinatuonya kwamba anayekaa akiangalia upepo na mawingu hatapanda wala hatavuna. Na mtumishi aliyefukia talanta yake kwa hofu (Mt 25) hakusifiwa kwa kuitunza salama.

Kwa hiyo Kanisa halifundishi woga. Linafundisha busara, fadhila inayotusaidia kutambua lililo jema katika hali halisi tuliyomo, na kuchagua njia inayofaa ya kulifikia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaeleza kuwa busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuamua, kisha kutekeleza. Mtu anayeruka hatua ya kwanza ana pupa. Anayekwama katika ya pili ana wasiwasi. Anayeishia kupanga tu bila kuanza ni mvivu, hata kama daftari lake limejaa mipango mizuri.

Anayethubutu kwa hesabu ni yule anayeingia akiwa tayari anajua mambo matatu: anaweza kupata nini, anaweza kupoteza nini, na kama ataweza kuendelea kuishi endapo atapoteza chote alichoweka. Anayebahatisha anajua jambo la kwanza tu.

Wahesabu pia waliokosa

Kosa linalowaponza wengi ni kuhesabu waliofanikiwa peke yao. Kijana anamwona jirani aliyejenga nyumba ya bati na kununua gari kwa fedha ya duara moja. Hawaoni waliorudi kwao kimya kimya wakiwa na madeni. Aliyepata anasimulia sokoni. Aliyekosa hana cha kusimulia.

Tutumie namba za mfano tu. Tuseme kwenye eneo moja kuna maduara 10, na kila moja limegharimu shilingi milioni 4 kwa chakula cha wachimbaji, magogo ya matimba, pampu ya maji, baruti na usagaji wa mawe kwenye karasha. Maduara 2 yamepata dhahabu, kila moja likiingiza milioni 12. Maduara 8 hayakupata kitu. Anayetazama yale 2 atasema, "Milioni 4 inazaa milioni 12." Lakini ukijumlisha yote 10, watu wameweka milioni 40 na wametoa milioni 24. Eneo zima limekula hasara ya milioni 16, ingawa habari zinazosikika kijijini ni za furaha.

Hali ni hiyo hiyo kwenye habari za ajali. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, wachimbaji 15 waliofukiwa katika mgodi eneo la Nyarugusu, hapa Geita, walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Tulimshukuru Mungu, na ilitupasa kumshukuru. Lakini Januari 2024, katika mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi, watu 22 walifariki kifusi kilipowaangukia. Viongozi walieleza kuwa uchimbaji katika eneo lile ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Anayekumbuka Nyarugusu na kusahau Ng'alita anajidanganya mwenyewe.

Kaa kwanza, uhesabu

Bwana wetu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza hukaa chini na kuhesabu kama anavyo vya kumalizia (Lk 14:28-32). Hesabu hiyo ifanyike kwa kalamu na daftari. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kwanza, tenga fedha zisizoguswa. Chakula cha nyumbani hadi mavuno, mbegu za msimu ujao, bima au fedha ya matibabu, na mahitaji ya watoto shuleni. Kinachobaki ndicho mtaji. Anayeuza ng'ombe mmoja kati ya watano ili aingie kwenye duara amethubutu. Anayeuza shamba pekee la familia ameweka rehani chakula cha watoto ambao hawakuulizwa.

Pili, gawanya. Mhubiri anashauri kugawa fungu kwa watu saba, hata wanane, kwa kuwa hatujui ni janga gani litakalokuja. Mwenye milioni 4 anaweza kuweka milioni 1 kwenye duara kwa kushirikiana na wenzake, nyingine akanunulia mpunga wa kuuza bei ikipanda, nyingine akaiweka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na iliyobaki akaitunza kwa dharura.

Tatu, weka kikomo kabla ya kuanza, na umwambie mtu mwingine. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Duara limefika mita 30, fedha imekwisha, mwamba haujaonekana. Mtu anasema, "Nimeshaweka milioni 3, siwezi kuacha sasa." Lakini zile milioni 3 zimekwenda, na hazirudi ukiendelea wala ukiacha. Swali la leo ni moja: kwa ninachokijua sasa, milioni ya nne iende hapa au mahali pengine? Aliyeandika kikomo chake mapema, akiwa ametulia, ana kitu cha kumshika mkono siku atakapokuwa amechoka na ana hamu.

Nne, jua sheria na mgao. Leseni ni ya nani? Mawe yakitoka, mifuko mingapi ni ya mwenye leseni, mingapi ya mwenye duara, mingapi ya wachimbaji? Mapatano haya yaandikwe mbele ya mashahidi. Ugomvi mwingi wa machimboni huanza siku dhahabu inapopatikana, kwa kuwa kabla ya hapo hakukuwa na cha kugombania. Tangu Machi 2019 Geita ina soko rasmi la dhahabu, la kwanza la aina yake nchini, ambako uzito na bei vinajulikana wazi. Anayeuza gizani anaongeza hatari ambayo hakulazimika kuibeba.

Shauri la nani?

Tujifunze kwa wakubwa pia. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa tunaoujua leo ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, watafiti walichoronga ardhi, wakachukua sampuli na kuzipima maabara, kisha ndipo fedha nyingi ikawekwa. Kampuni yenye mitambo na mabilioni haikuanza kwa kubahatisha. Sisi wenye milioni mbili tuna sababu kubwa zaidi ya kuuliza kwanza. Serikali ina Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), lipo Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), na ziko ofisi za madini mikoani. Kupima sampuli ya mawe kunagharimu fedha kidogo kuliko kuchimba mita 30 za udongo mtupu.

Badala yake, baadhi yetu bado wanakwenda kwa mganga kuulizia mwamba ulipo. Tuliseme jambo hili bila kulizunguka. Mganga hachorongi wala hapimi. Anauza matumaini kwa mtu mwenye hofu. Imani hizo zimezaa uovu mkubwa katika Kanda ya Ziwa, hata ndugu zetu wenye ualbino wakauawa na kukatwa viungo kwa ajili ya utajiri wa kufikirika. Anayetafuta shauri huko anafanya dhambi, na bado anabaki bila jibu la swali lake.

Mtakatifu Tomaso anataja miongoni mwa sehemu za busara kumbukumbu ya yaliyopita, utayari wa kufundishwa, kuona mbali na tahadhari. Mfundishwaji mzuri huanzia nyumbani. Baba anayeweka fedha ya familia duarani bila mke wake kujua amekwishajinyima mshauri wa kwanza, ambaye ndiye atakayebeba hasara pamoja naye.

Uhai hauwekwi dau

Hadi hapa tumezungumza juu ya mali. Mali ikipotea inaweza kutafutwa tena. Uhai hauingii katika hesabu ile. Hakuna idadi ya gramu inayolingana na mtu mmoja kufukiwa, na mwenye duara hana haki ya kuhatarisha uhai wa kijana aliyemwajiri kwa sababu tu kijana huyo ana njaa na amekubali.

Kwa hiyo yako mambo ambayo mtu hajadiliani nayo: duara bila matimba imara, kushuka wakati mvua imelowesha ardhi, kuingia kusiko na hewa, kushuka mara baada ya kulipua. Zebaki pia. Anayechoma dhahabu yenye zebaki jikoni anavutisha mvuke wa sumu mke mjamzito na watoto wachanga. Hatari hiyo hakuichagua mtoto.

Ibilisi alimpeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamshawishi ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka (Mt 4:5-7). Yesu alikataa: huko ni kumjaribu Mungu. Mchimbaji anayeshuka shimo linalotiririsha maji akisema "Mungu yupo" anasimama kwenye kinara kile kile.

Kwa mafrateri

Nanyi ndugu mafrateri, msidhani makala hii ni ya wachimbaji peke yao. Kesho mtakabidhiwa fedha za parokia, na atakuja mtu mwenye maneno matamu kuwashauri mziweke katika mradi wenye faida ya haraka. Kumbukeni kwamba ile ni sadaka ya mjane. Kikomo cha hatari kwa fedha ya mwingine kiwe chini sana kuliko kwa fedha yako, na uamuzi upitie kamati ya fedha ya parokia.

Wito wenyewe pia ni kuthubutu. Hakuna anayejua mwanzoni miaka ya falsafa na teolojia itamfikisha wapi. Ndiyo maana Kanisa linatoa muda mrefu wa malezi, walezi na waungamishi: ni namna ya kupima kabla ya neno la mwisho. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anashauri kuwa wakati wa ukavu na giza moyoni tusibadili uamuzi tulioufanya tukiwa na utulivu. Shauri hilo linamfaa frateri anayetaka kuondoka usiku mmoja wa huzuni. Linamfaa pia mchimbaji anayetaka kuuza shamba usiku mmoja wa hamu.

Tumrudie sasa ndugu yetu aliyeomba baraka. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinawataja watu wanaochimba chini ya ardhi, wakining'inia gizani mbali na wenzao, wakitafuta fedha na dhahabu. Kisha kinauliza: lakini hekima inapatikana wapi? Frateri hakosei akimjibu mchimbaji hivi: "Nitamwambia Padre. Lakini kwanza nionyeshe matimba, nisomee mapatano yenu, na niambie mama watoto anasemaje." Majibu yakipatikana, Padre na aende na maji ya baraka. Yasipopatikana, frateri amemsaidia ndugu yake kabla ya Jumatatu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni uamuzi gani wa fedha ulioufanya mwaka huu bila kumshirikisha mtu wa nyumbani mwako? Ulikuwa unaogopa nini?
2. Katika eneo letu, tunawafahamu waliokosa, au waliofanikiwa tu?
3. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili kijana asishuke shimo hatari kwa sababu ya njaa?