Rwagasore: Mtoto wa mwami aliyepimwa uaminifu na Wabelgiji

KILA unapokaribia mwezi Oktoba, sisi walimu wa huku Mabanda, kusini mwa Burundi, hujua kwamba swali litakuja. Oktoba 13 ni sikukuu ya taifa. Siku hiyo shule hufungwa na mashada ya maua huwekwa kwenye kaburi la Louis Rwagasore, kilimani Vugizo, juu ya jiji la Bujumbura. Siku chache kabla ya hapo, sisi hufundisha habari zake darasani.

Mwaka jana swali liliulizwa na mvulana wa darasa la sita ambaye wazazi wake walirudi kutoka Tanzania. Alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, wanasema Rwagasore alikuwa mtu wa Nyerere. Ni kweli hakuwa wetu?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mvulana huyo na wenzake waliorudi huitwa "Watanzania" uwanjani wakati wa mpira, na jina hilo si la kusifu. Nilijua haulizi habari za Rwagasore peke yake.

Ndugu msomaji, na mimi ni mmoja wa hao. Baba na mama walivuka mpaka mwaka 1972 wakiwa na mikeka miwili na sufuria. Mimi nilizaliwa Mishamo, iliyokuwa Mkoa wa Rukwa wakati ule na sasa ni Mkoa wa Katavi. Nilisoma kwa Kiswahili shuleni, nikafundishwa Mkwawa, Kinjekitile na Mwalimu Nyerere. Rwagasore sikumkuta katika kitabu chochote cha shule. Nilimkuta nyumbani, usiku, kwenye mwanga wa kibatari, baba alipokuwa akisimulia. Mwaka 2009 tulirudi.

Kwa hiyo nilimjibu mvulana yule kwa kirefu kuliko alivyotarajia, na leo naomba niwasimulie na ninyi, hasa mliorudi na mnaovuka pale Mugina na Manyovu kila juma na magunia yenu.

Mtoto wa kwanza wa mwami

Rwagasore alizaliwa Gitega Januari 10, 1932. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa IV, aliyetawazwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Wakati huo Wabelgiji walikuwa ndiyo wanaingia kuchukua nafasi ya Wajerumani. Baadaye walipewa Ruanda-Urundi na Umoja wa Mataifa wa zamani, kisha wakaendelea kuitawala kama nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa wa sasa. Mwami alibaki, lakini juu yake kulikuwa na Rezidenti wa Urundi, na juu ya Rezidenti kulikuwa na Gavana aliyekaa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo.

Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawakulielewa. Kwa macho ya Ulaya, mtoto wa kwanza wa kiume wa mfalme ndiye mrithi, basi. Kwa mila ya Burundi haikuwa hivyo. Wami walifuatana kwa majina manne yaliyozunguka: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Mrithi alisemekana kuzaliwa akiwa ameshika mbegu mkononi, na wazee wenye siri za ufalme ndio waliomtambua. Baada ya Mwambutsa alipaswa kuja Ntare. Rwagasore halikuwa jina la kiti.

Hata hivyo, mtu hahitaji kukalia kiti ili wakubwa wamwogope. Watu wa vilimani walimheshimu kama damu ya mwami, na Wabelgiji waliliona hilo. Ndiyo maana walianza kumpima mapema.

Mtihani wa kwanza ulikuwa shule. Alisomeshwa Astrida, ambayo leo ni Butare nchini Rwanda, katika shule ya mabruda iliyotayarisha watoto wa machifu kuwa wasaidizi wa utawala. Kisha akapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwenye chuo kilichofundisha watawala wa makoloni. Hesabu ilikuwa wazi: kijana akinywa maji ya Ulaya, atarudi akiwa mtu wa Ulaya.

Alirudi mwaka 1956. Badala ya kuchagua ofisi tulivu, alikwenda kwa wafanyabiashara.

Kosa la kukaa na Waswahili

Wauzaji wa mpakani, sehemu hii ni yenu. Usumbura ya miaka ile ilikuwa na mitaa ya Waafrika, Buyenzi na Bwiza. Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waswahili: Waislamu, wauza samaki, mafundi cherehani na madereva, watu wenye ndugu Ujiji, Kigoma, Uvira na kwingineko ziwani. Duka kubwa halikuwa lao. Bidhaa za kutoka nje zilipitia mikononi mwa makampuni ya Wazungu na maduka ya Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Mwafrika alinunua kwa bei aliyopangiwa na kuuza kahawa kwa bei aliyopangiwa.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara na wanunuzi wa Kiafrika, ili wanunue kwa pamoja na kuuza kwa pamoja. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa akipeleka mgebuka Usumbura kutoka Rumonge, alisimulia mpaka uzeeni jinsi wauza samaki walivyoshangaa kuona mtoto wa mwami anazungumza nao kwa Kiswahili, tena hana haraka.

Tuseme ukweli wote: ushirika wa wafanyabiashara haukwenda vizuri. Uliingia madeni, uendeshaji wake ulikuwa na kasoro, na utawala ukauweka chini ya mkono wake. Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa anajua jinsi mambo hayo yanavyotokea bila hata mkono wa mkoloni. Lakini kwa Wabelgiji, hilo halikuwa suala la hesabu za duka tu. Waliona mtu anayekusanya watu wasiokuwa chini ya machifu.

Mwaka 1959 walimpa uchifu wa Butanyerera, kaskazini, mbali na Usumbura na Buyenzi yake. Hakukaa huko muda mrefu. Chama cha UPRONA kilikuwa kimekwisha kuzaliwa, naye akawa roho yake, akidai uhuru upesi.

Hapo ndipo maswali kumhusu yalipokuwa makali. Anakula na nani? Anapata fedha wapi? Kwa nini ana urafiki na TANU? Urafiki huo ulikuwa wa kweli. Nyerere na chama chake walimuunga mkono, na Tanganyika ilikuwa jirani iliyokuwa ikielekea uhuru bila bunduki. Kongo nayo ilipopata uhuru Juni 30, 1960 na mambo yakaharibika, Wabelgiji walianza kumwona Lumumba katika kila kijana aliyesema "uhuru sasa". Rwagasore akapewa jina la mkomunisti. Jina hilo alipewa mtoto wa mwami, Mkatoliki, aliyetaka ufalme wa baba yake uendelee chini ya katiba.

Mizani yenye jibu tayari

Upande wa pili walikuwako waliofaulu mtihani. Chifu Pierre Baranyanka alikuwa kipenzi cha Wabelgiji kwa miaka mingi. Yeye alikuwa wa tawi la Batare, wapinzani wa tawi la Bezi ambalo ndilo la mwami. Wanawe wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, waliongoza chama cha PDC, ambacho hakikuwa na haraka na uhuru. Kwa hiyo ugomvi wa zamani wa waganwa ulipata mashabiki wapya wenye mamlaka.

Agosti 1960, kwenye mkutano wa Brussels kuhusu Burundi, ilikubaliwa kwamba ndugu wa karibu wa mwami, hadi daraja la pili, wasishiriki siasa. Kanuni hiyo haikutaja jina la mtu, lakini kila mtu alijua imeshonwa kwa kipimo cha nani. Rwagasore alipoendelea, akiwahimiza watu wasilipe kodi na wasinunue kwenye maduka ya Wabelgiji, aliwekwa kizuizini nyumbani Oktoba 27, 1960. Uchaguzi wa tarafa ukafanyika akiwa amefungiwa. PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA 545.

Pengine Brussels walidhani kazi imekwisha. Lakini Burundi haikuwa koloni la kawaida. Umoja wa Mataifa ulikuwa na sauti juu yake, na sauti hiyo ilipazwa. Rwagasore aliachiwa Desemba 9, 1960. Uchaguzi wa bunge ulifanyika Septemba 18, 1961 mbele ya wasimamizi wa Umoja wa Mataifa. UPRONA ilitwaa viti 58 kati ya 64.

Mwisho wa Septemba Rwagasore akawa waziri mkuu, akiwa na umri wa miaka 29. Alikaa madarakani majuma mawili tu. Usiku wa Oktoba 13, 1961 alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, Usumbura. Aliyefyatua ni Mgiriki, Jean Kageorgis. Nyuma yake mahakama iliwakuta watu wa PDC, wakiwemo wale watoto wawili wa Baranyanka. Washtakiwa nao walidai kwamba maofisa wa Kibelgiji waliwatia moyo, na jina la Rezidenti Roberto Régnier likatajwa. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Ntidendereza, Biroli na wenzao watatu walinyongwa Gitega Januari 15, 1963.

Jean-Paul Harroy, gavana wa miaka hiyo, aliandika baadaye kumbukumbu zake za Burundi zilizotoka mwaka 1987. Katika jina la kitabu alijiita mpiganaji wa vita iliyoshindwa. Huwa najiuliza alikuwa akipigana na nani, ikiwa kazi aliyopewa na Umoja wa Mataifa ilikuwa kuiandaa nchi ijitawale.

Na mrithi yule wa kweli? Charles Ndizeye, mdogo wake Rwagasore kwa baba, alitwaa ufalme mwaka 1966 kwa jina la Ntare V. Mwaka huohuo akapinduliwa na ufalme ukafutwa. Alikaa uhamishoni, akarudi Machi 1972 kupitia Uganda baada ya kuahidiwa usalama. Alikamatwa, na mwisho wa Aprili akauawa Gitega. Ilikuwa katika siku zilezile ambazo damu ilianza kumwagika nchini, na baba yangu akafunga mikeka yake miwili.

Maswali matatu

Niliporudi mwaka 2009, shamba la babu lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mzee aliyepewa na serikali ya wakati ule, akajenga, akapanda michikichi, akazikia watoto wake wawili pale. Hakuiba. Sisi nasi hatukuuza. Nilikwenda kwenye ofisi moja kueleza shauri letu. Kijana aliyekaa mezani hakuniuliza mipaka ya shamba. Aliniuliza maswali matatu: Tanzania mlikuwa chama gani? Nani amewatuma kurudi? Kukitokea fujo, mtakimbilia wapi? Kila nilipojibu aliandika, na sikuona anachoandika.

Nilitoka nikiwa na hasira, na njiani nikamkumbuka Rwagasore wa kibatari. Hata yeye hakuulizwa anataka kufanya nini kwa nchi. Aliulizwa rafiki zake ni nani, na jibu likawa tayari kabla hajafungua mdomo.

Shamba tuligawana nusu kwa nusu na yule mzee, baada ya miaka miwili ya kuzungushana. Haikuwa haki kamili kwake wala kwetu. Siku ya kuweka alama za mpaka aliniuliza, "Mwalimu, umerudi kukaa au kuchukua?" Nilimwambia nimerudi kukaa. Akasema, "Basi tutaona." Niliona neno hilo ni la haki kuliko maswali yote ya ofisini, maana alikuwa tayari kuningoja.

Mjukuu wake ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote siku ile darasani. Nilipomaliza kusimulia, kengele ilikuwa imelia muda mrefu. Nilimgeukia mvulana aliyeuliza nikamwambia: Rwagasore alisoma kwa Wabelgiji, akala na Waswahili, akashirikiana na Nyerere, na akafa akiwa waziri mkuu wa Burundi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofuta kingine.

Mjukuu wa yule mzee alinyoosha mkono. Akataka kujua kama samaki wa ule ushirika walikuwa wanatoka Kigoma. Nilimwambia baba yangu mkubwa aliwatoa Rumonge, lakini ziwa ni moja. Akamgeukia mwenzake akamuuliza kama kwao, kule Mishamo, walikuwa wanakula mgebuka. Waliondoka wakibishana kama mgebuka wa kukaanga unamshinda wa kuchoma, nami nikabaki kufuta ubao.