Shuka na Daftari

Ukipita asubuhi kwenye foleni za kliniki hapa Mulago utaona wagonjwa wameshika daftari. Ni lile lile la shule, jalada limechakaa, pembe zimekunjamana. Daktari wa leo anasoma alichoandika mwenzake mwezi uliopita, anaongeza mistari yake, anamrudishia mwenyewe. Chumba kitabadilika, daktari atahamishwa, daftari mgonjwa anarudi nalo nyumbani. Nimeipita foleni hiyo miaka mitatu bila kuitazama sawasawa, mpaka nilipopoteza kazi za watu za miezi minane.

Mimi ni fundi wa seva, mzaliwa wa Mombasa, natunza kompyuta za mradi mmoja wa utafiti wenye ofisi mbili mlimani hapa. Nani anafuatilia kibali cha kamati ya maadili, nani anasahihisha fomu za Kiganda, friji ya sampuli inakaguliwa lini: yote hayo yalikuwa yametapakaa kwenye WhatsApp na vikaratasi vya ukutani. Nikaweka Redmine, programu ya bure ya kusimamia miradi iliyoanza mwaka 2006. Kila kazi inapata namba, mwenyewe, tarehe ya mwisho na viambatisho vyake, na mtu anaifungua kwa kivinjari tu.

Niliiweka ndani ya kontena, kwa Docker, chombo kilichotoka mwaka 2013. Mtoto wa Mombasa haelezwi kontena. Kreni ya Kilindini haiulizi ndani mna viatu au vipuri, inanyanyua tu. Zamani programu kama hii ilitaka Ruby ya toleo lake na maktaba zake, ikagombana na kila iliyoikuta kwenye seva. Siku hizi inakuja imefungwa pamoja na mahitaji yake yote. Dakika kumi, imesimama.

Tofauti na la bandarini, kontena hili si la kutunzia kitu. Toleo jipya likitoka, hulitengenezi la zamani. Unalifuta na kusimamisha jingine, na chochote kilichoandikwa ndani ya lile la kwanza kinaondoka nalo. Kulizima na kuliwasha tena hakupotezi kitu, na hapo ndipo nilipodanganyika: umeme ulikatika mara nyingi, ukarudi, kazi zote nikazikuta. Nikaamini.

Ijumaa moja, saa kumi jioni, nikalifuta na kusimamisha toleo jipya. Ukurasa ukafunguka mweupe. Hakuna mradi, hakuna jina la mtu. Sikuwa nimeiunganisha na hifadhidata ya pembeni, na ukiiacha hivyo, Redmine ya kontena huandika kila kitu katika faili moja la SQLite. Faili hilo lilikuwa humo humo nilimofuta. Maelezo ya matumizi nilikuwa nimeyasoma nusu.

Viambatisho vilisalia, maana kifurushi chenyewe huviweka nje, kwenye diski ya seva, katika hifadhi isiyo na jina. Nikavipata Jumamosi, vyenye majina kama 240611093015_bajeti.xlsx. Tarakimu hizo ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Bajeti ipo, lakini ya kazi gani, imepita au imekataliwa? Chupa za damu zilizobanduka lebo.

Jumatatu nikaenda kwa mratibu wetu, muuguzi mstaafu tunayemwita Sista. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ssebo, yaani maelezo ya mgonjwa uliyaandika kwenye shuka?”

“Ndiyo, Sista. Na shuka nimelipeleka kufuliwa.”

Hakucheka.

Sasa makontena ni mawili, la Redmine na la hifadhidata ya PostgreSQL, na kila moja lina daftari lake: folda ya seva iliyochomekwa ndani, programu ikadhani inaandika kwake kumbe inaandika nje. Ya viambatisho huchomekwa kwenye /usr/src/redmine/files. Kosea herufi moja tu, kontena litawaka vizuri na kuandika kwingine, wala hutaonywa. Ndiyo maana kabla ya kumkaribisha mtu niliandika kazi moja, “mtihani”, nikafuta makontena yote mawili mchana kweupe, Sista amesimama nyuma yangu. Nikayasimamisha upya. “Mtihani” ikatokea.

Folda nayo hufa na diski. Kila saa nane usiku PostgreSQL inatoa nakala yake yenyewe, kwani ukinakili folda huku hifadhidata inaandika unaweza kupata kitu kilichochanika katikati. Nakala hiyo na viambatisho huenda kwenye diski ya ofisi ya pili. Mara moja kwa mwezi naifungua kwenye kompyuta nyingine kuona kama inasomeka.

Sista anaingiza kazi zake kama wengine. Mkobani ana daftari la shule, humo ananakili namba za kazi kwa mkono. Sijamwambia aache.