Maji ndani ya boya: mazito mkononi, mepesi ziwani

Aliyewahi kuvuta maji kisimani anaijua hali hii. Ndoo ikiwa bado imezama, kamba inakuja kirahisi kabisa, kana kwamba umefunga ndoo tupu. Ikishatoka tu juu ya maji, mikono inakaza na mgongo unajua kazi imeanza. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali ndoo ilipo.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri ya kifaa kimoja cha uvuvi ambacho huku kwetu bado hakijazoeleka sana: boya la kurushia linalojazwa maji. Kwa anayevua kwa ndoano akiwa amesimama kwenye mawe ya Mwanza, boya hili linaweza kumpeleka mbali bila yeye kuingia ziwani. Na kutoingia ziwani, kama tutakavyoona, si suala la kuogopa kulowa tu.

Tatizo la anayevua akiwa nchi kavu

Ukivua kwa ndoano kutoka ufukweni unahitaji vitu viwili vinavyopingana. Kwanza, uzito wa kurusha. Ndoano yenye nyungunyungu ni nyepesi mno, ukiirusha yenyewe inaanguka mbele ya miguu yako. Pili, unataka chambo kibaki juu, kisizame hadi chini. Mawe unayoyaona Mwanza juu ya maji yanaendelea chini ya maji, na chubwi linaloshuka katikati yake mara nyingi halirudi. Unavuta, uzi unakatika, ndoano na risasi vimekwenda.

Watu wengi hutatua hitaji la kwanza kwa kufunga jiwe, kipande cha risasi au plagi ya zamani ya pikipiki. Inaruka vizuri, lakini inazama vizuri vilevile. Wengine hufunga kipande cha kandambili au chupa tupu kama boya. Hapo chambo kinaelea, ila kurusha inakuwa shida. Na wengine, wakichoshwa na yote hayo, wanakunja suruali na kuingia majini hadi kiunoni ili wawe karibu na samaki.

Boya la maji linatimiza mahitaji yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini maji?

Turudi kidato cha kwanza, kwenye kanuni ya Archimedes: kitu kilichomo ndani ya maji husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Sasa kama kitu chenyewe ni maji, kinasukumwa juu kwa nguvu iliyo sawasawa na uzito wake. Zinafutana. Uzito haujapotea, umebebwa na ziwa.

Linganisha vitu vitatu, kila kimoja cha gramu 45 kikipimwa hewani, halafu kizamishwe ziwani:

Risasi: inabaki na uzito wa gramu 41 hivi.
Jiwe la matale la hapa Mwanza: gramu 28 hivi.
Maji: sifuri.

Hewani vyote ni gramu 45 kamili, kwa hiyo mkono wako unapata kitu cha kurusha. Vikifika ziwani, risasi na jiwe vinaendelea kuvuta chini, wakati maji yanaacha kuwa mzigo.

Chukua mfano wa chupa ndogo ya plastiki ya dawa ya maji, ile ya mililita 60. Tuseme plastiki yake ina gramu 8, na ikizamishwa yote inahamisha maji ya mililita 75 hivi (nafasi ya shingoni na unene wa plastiki vikiwemo). Ikiwa tupu, ili samaki aizamishe lazima avute kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 67. Kwa sato mwenye wasiwasi, hiyo ni nyingi. Atautema mtego kabla hujajua. Tia mililita 45 za maji. Chupa sasa ina gramu 53 mkononi, lakini samaki anahitaji gramu 22 tu kuizamisha. Yaani umeongeza uzito wa kurusha, na papo hapo boya limekuwa jepesi kwa samaki.

Breki ya hewa

Lakini kwa nini chupa tupu isiende mbali, kama mkono wangu una nguvu? Kwa sababu ya hewa. Chupa yenye upana wa sentimita 4 ikiruka kwa mita 20 kwa sekunde, sawa na gari la kilomita 72 kwa saa, inazuiwa na hewa kwa nguvu ya takriban nyutoni 0.2. Nguvu hiyo inategemea umbo na kasi, haijali ndani kuna nini. Chupa tupu na chupa yenye maji zinapata breki ile ile.

Tofauti iko kwenye matokeo. Gawanya nguvu kwa tungamo. Chupa tupu ya gramu 8 inapunguzwa kasi kwa mita 25 kwa sekunde, kila sekunde, zaidi ya mara mbili ya mvutano wa dunia. Chupa ya gramu 53 inapunguzwa kwa chini ya mita 4. Ya kwanza inasimama hewani kama mpira wa karatasi. Ya pili inaendelea na safari. Na usisahau kwamba nyuma yake kuna uzi unaoburutwa, nao unaichosha zaidi chupa nyepesi.

Upepo nao una sehemu yake. Boya tupu linakaa juu ya maji kama tanga dogo na kupeperushwa hovyo. Lenye maji limezama sehemu kubwa, kwa hiyo upepo hauna pa kulishika. Hapa ziwani mchana upepo kwa kawaida hutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hadi alfajiri hugeuka. Mwenye kurusha asubuhi na mapema ana upepo mgongoni, na hiyo ni mita kadhaa za bure.

Kulipata au kulitengeneza

Boya la kiwandani ni duara au umbo la yai, la plastiki angavu, lenye mrija katikati au vizibo viwili. Unavuta mrija, unalizamisha lijae kiasi unachotaka, unafunga. Uangavu wake unasaidia lisiwashtue samaki. Ukiliagiza, angalia gramu zilizoandikwa zinahusu boya likiwa tupu au limejaa, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Maduka ya zana za uvuvi Mwanza yanamhudumia zaidi mvuvi wa nyavu na ndoano za kutega, kwa hiyo usishangae kulikosa.

Usilipopata, tengeneza. Unahitaji chupa ya plastiki ya mililita 60 hadi 100 yenye kifuniko kinachobana, kamba imara, kifungo cha shati, na bomba la sindano jipya la mililita 10 kutoka duka la dawa. Bomba hilo ndilo mizani yako, kwa sababu mililita 1 ya maji ni gramu 1. Chupa ya nusu lita iache: gramu mia tano si kitu cha kurusha kwa uzi wa kawaida. Chupa ya kioo usiiguse kabisa.

Kabla ya kuanza, pindua chupa uone namba iliyo ndani ya pembetatu kitakoni. Namba 1 ni plastiki ya chupa za soda na maji ya kunywa. Yenyewe ni nzito kuliko maji, hivyo ukiijaza mpaka mwisho bila kuacha hewa, inazama. Namba 2, 4 na 5 ni plastiki nyepesi kuliko maji. Hata ikijaa pomoni inabaki inaelea, ingawa kwa shida, na ndoano na chambo vinaweza kuishusha polepole. Kwa vyovyote, anza na robo tatu maji, robo hewa.

1. Jaza maji nyumbani kwa bomba la sindano, funga kifuniko, minya chupa uone kama inavuja.

2. Funga kamba shingoni mwa chupa na uache kitanzi kidogo. Funga shingoni, usifunge kiunoni: ukizungusha, maji yanakimbilia kitakoni, kitako kinatangulia, na chupa inaruka bila kuyumba.

3. Pitisha uzi mkuu kwenye kitanzi, kisha funga kifungo cha shati kwenye uzi, mita moja au moja na nusu kabla ya ndoano. Kifungo kinazuia chupa isiishukie ndoano.

4. Ukitaka chambo kining'inie kwenye kina kile kile, funga fundo jingine juu ya chupa. Ukiacha uzi uteleze, samaki anaweza kuondoka na chambo bila kuburuta chupa, na wewe unamsikia kidoleni.

Hatua ya 4 ina sababu yake ya kifizikia. Maji ndani ya boya hayana uzito ziwani, ila tungamo lake lipo palepale. Kitu chenye tungamo hukataa kuanzishwa mwendo ghafla. Wanafizikia huita inesha. Samaki akinyakua kwa kasi na chupa imefungwa moja kwa moja, anahisi kuna kitu kinamshika. Uzi ukiteleza, hahisi.

Kurusha kwenyewe: zungusha taratibu, usishtue, kisha achia. Kama huna fimbo, zungushia uzi kwenye kopo na ulielekeze mbele ili uzi uchomoke wenyewe. Na hakikisha hakuna mtu nyuma wala pembeni. Gramu 53 kwa kasi tuliyoitaja zina nishati sawa na jiwe la kilo moja lililoanguka kutoka urefu wa mita moja. Kichwani hilo si jambo la mzaha, achilia mbali ndoano inayofuata nyuma.

Kwa nini usiingie majini

Sasa tufike kwenye lile suala la kulowa. Ukingo wa ziwa wenye maji ya kina kifupi na majani ndio makazi ya konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono, huogelea, na kupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Mtu hasikii maumivu ya maana, anarudi nyumbani na samaki wake, na miaka ikipita ini ndilo linalolipa. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi. Lakini haikukingi usiambukizwe tena kesho ukirudi kusimama pale pale.

Mvuvi anayeingia hadi kiunoni ili arushe mbali zaidi anasimama saa nzima katika sehemu ya ziwa yenye hatari kubwa kuliko zote. Ongeza hapo mamba na viboko, ambao katika baadhi ya maeneo ya ziwa hili si hadithi. Mita 15 za ziada za kurusha zinaweza kumfanya abaki juu ya jiwe.

Ndiyo maana hatua ya 1 inasema jaza nyumbani. Ukitumia maji ya ziwa, yaweke kwenye chombo siku mbili kwanza. Vijidudu hivyo bila kupata mwili wa kuingia havimalizi muda huo.

Chupa irudi nyumbani

Kuna upande mwingine wa kuufikiria. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Katika kila aina, takriban mmoja kati ya watano alikutwa na plastiki tumboni. Chupa inayokatika na kuachwa ziwani inavunjika polepole na kuongeza hesabu hiyo. Kwa hiyo tumia uzi mkuu wenye nguvu kuliko uzi wa ndoano. Ndoano ikinasa kwenye jiwe, uzi wa ndoano ukatike na chupa irudi. Faida moja ya wazi ni kwamba hata bahati mbaya ikitokea, hujaacha risasi ziwani, na risasi ni sumu.

Sheria nazo zipo. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo warudishe wakiwa hai. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usirushe huko. Kuhusu leseni na maeneo ya mazalia, muulize afisa uvuvi au BMU ya mwalo ulio karibu nawe.

Jaribu kabla ya kwenda ziwani

Chukua ndoo ya maji na chupa tatu ndogo zinazofanana. Ya kwanza iache tupu, ya pili jaza robo tatu, ya tatu jaza mpaka mwisho bila hewa. Funga kila moja uzi, ziinue hewani, kisha zishushe ndani ya ndoo huku umeshika uzi. Kabla ya kushusha, andika unachotarajia kwa kila chupa: uzi utalegea au utakaza? Halafu soma namba kitakoni, uone kama ya tatu imetii.